Bei tatu kwa programu moja, niamini ipi?

SWALI

Mwanangu Mshauri, hujambo? Nina biashara ya kufua na kupiga pasi nguo. Mteja hupiga simu, dereva anafuata nguo nyumbani kwake, tunazifua, tunazirudisha. Kazi imekua hadi simu ya ofisi haitulii, na daftari la oda linatuchanganya majina na siku. Binti yangu amenishauri tuwe na programu yetu wenyewe ya simu: mteja aagize, achague saa ya kufuatwa, alipe, amwone dereva kwenye ramani, na akusanye pointi za punguzo.

Nimeomba bei kwa watengenezaji watatu. Wa pili ametaja mara nne ya wa kwanza, wa tatu mara tisa. Wote niliwaeleza maneno yale yale. Wa kwanza anasema wenzake ni wezi, wa tatu anasema wa kwanza ataniharibia kazi. Tena yupo aliyeniambia kwamba Apple na Google watakata asilimia 30 ya kila oda. Nimekutumia makaratasi yao yote. Bei ya kweli ni ipi, na nitenge kiasi gani nisije nikakwama katikati?

Mama wa nguo safi

JIBU

Shikamoo mama. Makaratasi yote matatu nimeyasoma, na sioni mwizi hapo. Ninachokiona ni watu watatu waliokadiria kazi tatu tofauti, kwa sababu uliwaeleza kwa mdomo na kila mmoja akajaza mapengo kwa kile anachokijua.

Karatasi ya wa kwanza ni ukurasa mmoja: “programu kamili, Android na iPhone, pamoja na seva” (kompyuta ya mtandaoni inayohifadhi taarifa zako). Picha alizoambatisha zina kikapu cha manunuzi na sehemu ya “bidhaa zinazofanana”. Hicho ni kiolezo cha duka kilichokwisha tengenezwa, atakibadilisha rangi na kukiwekea nembo yako. Kwa muuza viatu kingefaa sana. Kwako wewe hakina mahali pa saa ya kufuatwa nguo, hakina dereva, wala hakijui kwamba shati la mteja lazima lirudi kwa mteja yule yule. Wa pili ameandika kurasa sita, ameitaja sehemu ya mteja, ya dereva na ukurasa wa ofisi, na atatumia Flutter, zana ya kutengenezea programu, ili msimbo mmoja (maandishi yanayoiendesha programu) utoe programu ya Android na ya iPhone. Wa tatu anataka kuzijenga mbili hizo kila moja peke yake, kwa timu mbili, pamoja na ramani hai, mazungumzo ndani ya programu na mwaka mzima wa matunzo.

Tofauti ya mara tisa isikutishe. Mwaka 1981 Barry Boehm, Mmarekani aliyechunguza gharama za kutengeneza programu, alionyesha kwamba makadirio yanayotolewa kazi ikiwa bado wazo tu yanaweza kuangukia popote kati ya robo ya gharama halisi na mara nne yake. Kutoka robo hadi mara nne ni mara 16. Mara tisa zako zimo humo humo, na zitapungua tu pale wazo litakapogeuka kuwa maandishi.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua mtu, kaa na dereva wako na yule anayeshika daftari, mwandike safari ya oda moja tangu mteja anapoagiza hadi anapopokea nguo zake. Msiandike inavyotakiwa kwenda, andikeni inavyokwenda kweli. Dereva amefika na mteja hayupo: oda inafutwa, inasogezwa, au mteja analipia safari? Mteja amesema mashati matano, ofisini yamehesabiwa manne: nani anarekodi, na mteja anaarifiwaje kabla hajaanza ugomvi? Malipo yamekatwa kwenye akaunti yake lakini mtandao ukakatika kabla programu haijapata jibu: oda inaonekana imelipwa au haijalipwa? Doa limekataa kutoka, nguo inarudi na maelezo gani? Koti limepotea, fidia inaingizwa wapi? Nguo za familia moja zimeagizwa na mume, zinapokelewa na mke mwenye namba nyingine ya simu: dereva atajuaje kwamba ni halali?

Kila “je, ikitokea” katika orodha hiyo ni skrini moja au mbili, ni kanuni ndani ya seva, ni kitu cha kujaribiwa. Pesa za programu huishia hapo. Skrini nzuri ya kuagiza, ambayo wewe unaifikiria ndiyo programu yenyewe, ni sehemu ndogo na rahisi. Ukiwapelekea watengenezaji watatu karatasi yenye majibu ya maswali haya, utashangaa jinsi bei zao zitakavyosogeleana, na huenda wa kwanza akakwambia mwenyewe kwamba kazi hiyo haimfai.

Utaona pia kwamba hutengenezi programu moja. Kuna ya mteja. Kuna ya dereva. Kuna ukurasa wa ofisi ambapo msichana wako ataona oda zote, atabadilisha bei, atampangia dereva njia na kurudisha pesa za aliyekasirika. Na kuna seva yenye hifadhidata inayoziunganisha zote. Ukurasa wa ofisi ndio unaosahaulika zaidi katika makadirio, na ndio utakaotumiwa kutwa nzima. Mtengenezaji asiyeutaja kwenye karatasi yake ataukumbuka baadaye, na atakutumia ankara nyingine.

Sasa tupunguze. Ramani hai ningeiondoa leo. Mteja wako hahitaji kutazama alama ya gari ikitambaa, anahitaji kujua dereva ametoka na atafika kati ya saa ngapi na saa ngapi. Arifa moja inatosha, na arifa za kawaida hazina malipo kwa kila moja, iwe kwenye Android au iPhone. Ramani hai inataka simu ya dereva itume mahali alipo kila mara, betri inakwisha, kampuni za ramani hutoza kulingana na matumizi, na Apple na Google zote huchunguza kwa ukali programu inayofuatilia mahali pa mtu hata akiwa hajaifungua. Mazungumzo ndani ya programu nayo yaondoke, weka kitufe cha kupiga simu ofisini. Pointi zisubiri. Za nini wakati hujajua ni wateja wangapi watakubali kuacha kupiga simu? Na dereva kwa kuanzia apewe ukurasa wa tovuti anaoufungua kwenye simu yake: orodha ya leo, kitufe cha “nimechukua”, kitufe cha “nimefikisha”. Madereva wako ni wafanyakazi wako, unaweza kuwaelekeza ana kwa ana, hawahitaji kuvutiwa na urembo.

Ninaamini kwa dhati kwamba kupunguza namna hii kutakuokolea zaidi ya kubembeleza punguzo la bei. Mtengenezaji unayembana bei bila kupunguza kazi atapunguza kitu usichokiona, na mara nyingi kitakuwa ni majaribio.

Kuhusu kiasi cha kutenga, mimi huwaambia wafanyabiashara hivi: bei atakayokupa mtengenezaji iwe nusu ya fungu lako, isiwe fungu lote. Katika kila 100 ulizonazo, 10 ziende kwenye uchambuzi na michoro ya skrini, kabla hata mstari mmoja wa msimbo haujaandikwa. Hiyo ni kazi ya kulipiwa peke yake, na matokeo yake yawe mali yako: maandishi kamili na michoro unayoweza kuibonyeza kwenye simu kama programu halisi ingawa nyuma hakuna kitu. Mpe wateja wachache waibonyeze, uone wanapokwama. Kurekebisha mchoro ni kazi ya saa chache, kurekebisha programu iliyokwisha jengwa ni wiki. Kisha 50 ziende kwenye utengenezaji. Akiba iwe 15, na usimtajie mtengenezaji kwamba ipo. Na 25 zilizobaki ni za mwaka wa kwanza baada ya programu kutoka.

Fungu hilo la mwisho ndilo wengi hawaliweki, kwa kuamini kwamba programu ikishaingia dukani kazi imekwisha. Apple hutoa toleo jipya la iOS, mfumo unaoendesha iPhone, kila mwaka. Google nayo kila mwaka hupandisha kiwango cha Android ambacho programu lazima ikilenge, na programu iliyoachwa nyuma sana huacha kuonekana kwa watumiaji wapya wenye simu za matoleo mapya. Kampuni inayopokea malipo hubadilisha mfumo wake, na siku hiyo programu yako isipoguswa haipokei pesa. Ndiyo maana desturi ya kazi hii ni kutenga kila mwaka kama asilimia 15 hadi 20 ya gharama ya kutengeneza, kwa matunzo tu, bila kipya chochote. Ukiona huwezi kuimudu asilimia hiyo kwa miaka mitatu, basi programu uliyoichora ni kubwa kuliko biashara yako, uirudie.

Ndani ya 25 hizo kuna vidogo vidogo vyenye bei inayojulikana. Akaunti ya msanidi (mtengenezaji wa programu) ya Apple ni dola 99 kwa mwaka, na usipolipa programu inaondolewa dukani. Ya Google ni dola 25, mara moja tu. Seva hulipwa kwa mwezi, na kwa idadi ya oda zako iwe ndogo, usikubali kuuziwa mashine ya kuhudumia watu milioni. Chunguza sana jumbe za SMS. Watengenezaji wote watatu wamepanga mteja ajisajili kwa kutumiwa namba ya siri kwa SMS, na kila ujumbe unalipiwa na wewe. Wapo matapeli wanaotumia programu za kompyuta kuomba namba hizo kwa maelfu, zikitumwa kwenye laini ambazo wao wenyewe hupata mgao wake, na mwenye biashara hujua siku bili inapofika. Wakuandikie kwamba kutakuwa na kikomo cha jumbe kwa kila namba na kwa kila saa, na kwamba nchi usizohudumia zitafungwa.

Hiyo asilimia 30 uliyotishwa nayo haikuhusu. Apple na Google hukata kamisheni kwenye vitu vya kidijitali vinavyotumika ndani ya programu yenyewe, kama michezo au usajili wa filamu, na hata huko wafanyabiashara wadogo waliwekewa mpango wa asilimia 15 kwa mapato yasiyozidi dola milioni moja kwa mwaka, Apple kuanzia Januari 2021 na Google kuanzia Julai mwaka huo huo. Nguo zinafuliwa nje ya simu. Kanuni za Apple zenyewe zinasema huduma inayotolewa nje ya programu ilipiwe kwa njia nyingine, si kwa mfumo wao wa malipo. Utakacholipa ni ada ya kampuni inayokupokelea malipo, basi.

Nikitazama karatasi tatu hizo, mimi ningerudi kwa wa pili, nikamlipa kwanza kazi ya uchambuzi peke yake. Ukimaliza hatua hiyo na hujaridhika naye, una maandishi mkononi ya kumpa mwingine. Wa tatu si mbaya, ila kujenga mara mbili kwa timu mbili kuna maana kwa programu inayohitaji kuichimba simu yenyewe, mathalani ya kuhariri video. Kwa fomu za oda, tarehe na malipo, Flutter, au zana kama hiyo iitwayo React Native, inatosha kabisa.

Kabla ya kutia saini, mama, hakikisha akaunti za Apple na Google zinafunguliwa kwa jina la kampuni yako na kwa barua pepe ya kampuni, kisha yeye umwalike kama mfanyakazi. Kampuni huombwa namba ya utambulisho iitwayo D-U-N-S, na kuipata huchukua muda, kwa hiyo ianze kushughulikiwa siku ile ile ya mkataba. Akaunti ya kampuni ina faida nyingine: akaunti binafsi mpya za Google, zilizofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023, lazima kwanza zifanye majaribio na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Msimbo nao ukae kwenye hazina ya mtandaoni unayoimiliki wewe, ukiwekwa humo kila wiki na si siku ya mwisho. Na mkataba utamke kwa maandishi kwamba hakimiliki inahamia kwako ukimaliza kulipa. Katika nchi nyingi, kazi ya mkandarasi hubaki mali yake mpaka atamke vingine kwenye karatasi, hata kama umemlipa senti ya mwisho.

Malipo yagawe kwa vitu vinavyofanya kazi kwenye simu yako, usiyagawe kwa tarehe. “Mteja anaweza kuagiza na oda ikaonekana ofisini” ni awamu. “Mwisho wa mwezi wa pili” si awamu. Asilimia 20 ya mwisho ibaki mkononi mwako mpaka programu iwe imekubaliwa kwenye maduka yote mawili na mtu mwingine ameweza kuijenga kutoka kwenye msimbo uliokabidhiwa.

SWALI

Ndugu Mshauri, tunauza vipuri kwa jumla. Wateja wetu ni kama mia tatu, wengi tunafahamiana. Bosi anataka programu ya simu kwa kuwa mshindani wetu ameshatoa yake. Tovuti tunayo. Kuna fundi anasema anaweza kuifunga tovuti hiyo hiyo ndani ya programu kwa bei ndogo. Tukubali?

Msimamizi wa mauzo

JIBU

Msikubali. Apple huikataa programu ambayo ni tovuti iliyofungwa tu bila kuongeza manufaa yoyote, na hilo liko wazi kwenye kanuni zao za ukaguzi. Mtalipa kisha mkwame mlangoni.

Wateja mia tatu mnaofahamiana nao wanataka mambo mawili au matatu: kujua kama kipuri kipo, bei yao ya jumla ni ipi, na kurudia oda ya mwezi uliopita. Tovuti yenu ikitengenezwa vizuri kwa skrini ya simu inaweza kuyafanya yote, na mteja anaweza kuiweka kwenye skrini yake ya mwanzo ikafunguka kama programu. Hata arifa inawezekana. Android imeiruhusu tangu zamani, na iPhone inaruhusu tangu iOS 16.4 ya mwaka 2023, mradi mteja ameiweka tovuti kwenye skrini ya mwanzo. Mwambie bosi atenge pesa za kusafisha orodha ya bidhaa kwanza. Kama idadi ya vipuri kwenye kompyuta hailingani na iliyoko ghalani, hakuna programu itakayowasaidia, na mteja atarudi kwenye kupiga simu baada ya kudanganywa mara mbili na skrini.

SWALI

Mshauri, nimeshalipa asilimia 70 ya pesa za programu ya kuweka miadi ya saluni yangu. Mtengenezaji anasema kazi imekuwa kubwa kuliko alivyofikiri, anataka nyongeza ya nusu ya bei ya mwanzo ili aajiri vijana wawili wamalize haraka. Nikikataa naogopa ataacha.

Dada wa saluni

JIBU

Pole sana dada. Usijibu ndiyo wala hapana wiki hii. Kwanza mwombe msimbo wote kama ulivyo leo, na programu uiweke kwenye simu yako kama ilivyo leo, hata ikiwa na hitilafu. Umelipia sehemu kubwa, si ombi la ajabu. Akisita kukupa, umeshapata jibu kuhusu nyongeza.

Akikupa, kaeni na orodha ya mlichokubaliana mwanzo, mgawanye kazi iliyobaki mafungu mawili: yaliyokuwemo kwenye makubaliano, na uliyoyaongeza wewe njiani. Uwe mkweli kwenye fungu la pili. Kama uliomba wahudumu wapate zawadi kupitia programu, au tawi la pili liingizwe, hayo ni yako na yana bei yake. Ya fungu la kwanza ni yake kumaliza kwa bei ile ile, isipokuwa kama mkataba wenu ulisema analipwa kwa saa.

Hao vijana wawili usiwalipie. Tangu mwaka 1975, Fred Brooks, aliyesimamia miradi mikubwa ya programu huko IBM, alishaandika kwamba kuongeza watu kwenye kazi iliyochelewa huichelewesha zaidi, kwa sababu aliyekuwa anajenga sasa anaanza kufundisha. Badala yake futeni vitu mpaka kibaki kitu kimoja kinachofanya kazi: mteja achague mhudumu, achague saa, apate uthibitisho, na saa hiyo isiweze kuchukuliwa na mtu mwingine. Hicho kikifika kwenye simu yako na kikajaribiwa na wahudumu wako kwa wiki moja ya kazi halisi, mlipe kipande. Kinachofuata mkiandikie bei yake peke yake, na asianze kukijenga kabla hujaweka saini.